Deni la Mania: kisa cha msichana wa Warsaw aliyekwenda kusoma Paris

Novemba 1891, msichana wa miaka 24 alipanda treni Warsaw kwenda Paris akiwa na kiti cha kukunja. Kipande cha safari cha ndani ya Ujerumani alikuwa amekikatia tiketi ya daraja la nne, ambako abiria alikalia alichokuja nacho. Godoro lake lilikuwa limetangulia na mizigo. Sanduku lake la mbao liliandikwa herufi mbili kubwa, M.S., na chakula alichofungasha kilitakiwa kimfikishe bila kununua kitu njiani. Kwao walimwita Mania. Vyeti vilisema Maria Skłodowska.

Dunia imekuja kumjua kwa jina la mumewe, Marie Curie, na wapo wengi wanaodhani alikuwa Mfaransa. Nataka kumrudisha kwenye ile treni, kabla hajawa mtu mashuhuri, alipokuwa kijana wa Kipolandi anayekwenda kusoma ng'ambo kwa fedha za kuungaunga. Aliondoka akiwa na nia ya kurudi. Kwa nini nia ile haikutimia kama alivyoipanga, na hali ile ilimfanya awe nani? Watu husimulia zaidi njaa yake ya Paris. Mimi naona kisa chake kimefungwa na madeni, na kila nikikirudia naona deni jingine.

Nchi isiyokuwa kwenye ramani

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, kitinda mimba wa watoto watano. Polandi haikuwa dola wakati huo. Urusi, Prusia na Austria zilikuwa zimeigawana kwa awamu tatu, 1772, 1793 na 1795, na Warsaw ilikuwa upande wa Urusi. Wapolandi waliinuka mwaka 1863 wakapigwa, na baada ya hapo mkono wa Urusi ukaingia hadi darasani: masomo kwa Kirusi, historia ya Kirusi, wakaguzi wa Kirusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati. Mama yake, aliyewahi kuongoza shule ya wasichana, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1878.

Ève, binti wa Mania aliyekuja kuandika maisha ya mama yake, anasimulia siku moja ya shule ya miaka hiyo. Darasa lilikuwa likisoma historia ya Polandi kwa Kipolandi, jambo lililokatazwa. Kengele ikalia kwa mlio waliokubaliana, vitabu vikafichwa, na mkaguzi alipoingia akawakuta wasichana wakishona. Mwalimu akamwinua Mania, kwa kuwa Kirusi chake kilikuwa safi kuliko cha wenzake. Akataja makaisari wa Urusi mmoja baada ya mwingine. Akaulizwa nani anawatawala, akajibu kama ilivyotakiwa: Mtukufu Aleksander wa Pili. Mkaguzi akatoka ameridhika. Mtoto akaangua kilio.

Nimeanza na tukio hili kwa sababu bila hilo mtu atadhani hamu ya Mania ya kusoma ilikuwa hamu ya kujiendeleza tu. Kizazi chake kilikuwa kimeona wazazi wakishindwa kwa bunduki, na kikaamua kwamba taifa litajengwa kwa shule, afya na sayansi. Walikuwa na jina la jambo hilo, *praca u podstaw*, yaani kazi ya kuanzia kwenye misingi. Kumfundisha mtoto wa mkulima kusoma Kipolandi kulihesabiwa kuwa uzalendo. Kwa kijana wa namna hiyo, kusema "nataka shahada" na kusema "mimi ni Mpolandi" ilikuwa sentensi moja.

Ila Chuo Kikuu cha Warsaw kilikuwa cha Kirusi, na hakikupokea wanawake. Mania alimaliza sekondari mwaka 1883 kwa medali ya dhahabu, akiwa na miaka 15, na mlango ukaishia hapo. Kilichobaki ni kile kilichoitwa Chuo Kinachoruka: masomo ya siri yaliyohama kutoka sebule moja hadi nyingine ili polisi wasiyafikie.

Makubaliano ya dada wawili

Dada yake, Bronia, alitaka udaktari. Paris ilipokea wanawake, lakini akiba yake ilitosha mwaka mmoja tu na masomo yalikuwa ya miaka mingi. Mania, akiwa na miaka 17, ndiye aliyetoa wazo. Dada atangulie. Yeye atatafuta kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani, atume fedha kila mwezi, na Bronia akiwa daktari atamvuta na yeye.

Anayesoma haya huku ada yake ililipwa na dada aliyeahirisha ya kwake, au na kaka aliyetangulia Muscat, hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Kwetu pia shahada nyingi zina majina mawili, la aliyevaa joho na la aliyebaki nyuma.

Januari 1886 Mania alikwenda Szczuki, shamba la viazisukari kaskazini mwa Warsaw, kufundisha watoto wa familia moja kwa rubo 500 za Urusi kwa mwaka. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Karibu nusu ya mshahara ilikwenda Paris. Jioni, pamoja na binti mkubwa wa nyumba ile, aliwafundisha watoto wa vibarua kusoma na kuandika Kipolandi, kosa ambalo lingeweza kumpeleka mtu Siberia. Usiku alijisomea fizikia na hisabati peke yake.

Huko huko alipendana na mtoto wa kiume wa familia, Kazimierz Żorawski, mwanafunzi wa hisabati. Wazazi wakakataa: mwalimu wa nyumbani, asiye na kitu, hawezi kuwa mkwe. Angekuwa na fedha angeondoka siku ile ile. Alibaki, akaendelea kula meza moja na watu waliomkataa, kwa sababu Paris kulikuwa na mtu aliyesubiri posho. Hapa ndipo ninapomwona vizuri zaidi kuliko kwenye maabara yoyote.

Deni lilianza kulipwa kwa njia inayonigusa kila ninapoisoma. Mwaka 1888 baba yao alipata kazi yenye mshahara mzuri kidogo, akaanza kumtumia Bronia rubo 40 kwa mwezi. Bronia akamwandikia Mania aache kutuma, kisha akamwomba baba akate rubo 8 katika zile 40 amwekee mdogo wake. Mwanafunzi wa udaktari asiye na kitu, aliyesomeshwa na mdogo wake, ameanza kurudisha kabla hajamaliza kusoma.

Halafu likatokea jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki hulipita haraka. Mwaka 1890 Bronia alimwandikia kwamba sasa ni zamu yake, akusanye kiasi cha rubo aje Paris akae kwao. Mania akajibu kwa kusita. Alisema Paris aliiota kama wokovu, lakini tumaini la kwenda lilishamtoka zamani, na sasa nafasi imekuja hajui afanye nini. Alimfikiria baba aliyezeeka. Aliwafikiria ndugu zake wengine. Ilipita zaidi ya mwaka, na ndani ya mwaka huo alipata kuingia kwenye maabara ndogo ya Jumba la Makumbusho ya Viwanda na Kilimo lililokuwa likisimamiwa na binamu yake. Jioni na Jumapili akashika vyombo vya fizikia kwa mikono yake. Septemba 1891 akaandika Paris: niambie kwa hakika kama unaweza kunipokea, kwa maana sasa naweza kuja.

Miaka ya kuwatumikia wengine humzoesha mtu kujisahau, na hamu ya zamani huhitaji kitu cha kuiamsha. Kwake kitu hicho kilikuwa maabara, na ilikuwa ya Warsaw.

Jina kwenye fomu na jina kwenye jukwaa

Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, alijaza fomu kwa namna ya Kifaransa: Marie. Jina la ukoo hakuligusa, na wenzake darasani walishindwa kulitamka. Alikuta Kifaransa alichojivunia Warsaw kinamwacha njiani wahadhiri wanapoongeza kasi, na hisabati yake ya kujifundisha ina matundu. Aliyaziba yote mawili. Ile "r" ya Kipolandi ilibaki ulimini mwake.

Mwanzoni alikaa kwa Bronia, ambaye alikuwa ameolewa na Kazimierz Dłuski, daktari na Mpolandi aliyekimbia nchi kwa ajili ya siasa. Nyumba yao ilijaa Wapolandi, chai na mijadala. Miongoni mwa marafiki alikuwapo mpiga piano kijana, Ignacy Paderewski, ambaye mwaka 1919 angekuwa waziri mkuu wa Polandi huru. Ilikuwa Warsaw ndogo ndani ya Paris, na kwa mgeni ilikuwa dawa ya upweke.

Katika sherehe moja ya vijana hawa walifanya onyesho la kusimama kimya kama picha, na Mania akachaguliwa kuwa "Polandi ikikata minyororo". Alivikwa vitambaa vyekundu, nywele zikaachwa zimwagike mabegani. Akamwandikia baba yake kwa furaha. Baba akajibu, Januari 1892, akiwa na wasiwasi. Paris kuna watu wanaotazama na kuandika majina ya waliojitokeza mbele, alimwambia, na anayetaka kuja kula mkate wake Warsaw ni bora asijulikane.

Barua ile inaonyesha mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi yule hakuwa amekwenda mbali na Urusi kiasi alichodhani. Uhuru wake wa Paris ulikuwa na mpaka, kwa kuwa maisha yake ya baadaye yalikuwa yamewekwa rehani Warsaw. Pili, baba na binti wote walichukulia kurudi kama jambo lisilo na mjadala. Alikuwa anasomea ualimu wa Warsaw, kukaa na baba, kufundisha wasichana.

Machi 1892 alihama kutoka kwa dada yake. Sababu moja ilikuwa umbali, saa nzima kwenye basi la farasi, lakini naamini alihitaji pia ukimya. Akapanga chumba kimoja mtaa wa wanafunzi. Miaka yake ya vyumba vile vya chini ya paa ndiyo iliyozaa hadithi ya njaa, na hadithi ni ya kweli: bajeti ya rubo 40 kwa mwezi, ndoo ya makaa iliyopandishwa ngazi hadi ghorofa ya sita, mkate na chai, usiku wa baridi ambao alirundika nguo zake zote juu ya blanketi. Siku moja alizimia. Shemeji yake akaja, akamuuliza amekula nini, akamchukua hadi nyumbani akamlisha nyama. Jioni alisoma maktaba ya Sainte-Geneviève kwa sababu ilikuwa na joto na taa, mpaka saa nne usiku walipofunga.

Julai 1893 alikuwa wa kwanza katika shahada ya fizikia. Fedha zilikuwa zimekwisha, na angerudi kukaa Warsaw kama rafiki yake Mpolandi asingempigania apate msaada wa Aleksandrowicz, uliotolewa kwa Wapolandi waliofanya vizuri ng'ambo: rubo 600. Julai 1894 akawa wa pili katika hisabati. Baadaye kidogo, kutoka kwenye malipo ya kazi yake ya kwanza ya utafiti, alitenga rubo 600 akazirudisha. Fedha zile hazikuwa mkopo. Hakuna aliyewahi kuzirudisha kabla yake, na mhusika aliyezipokea alishangaa. Mania aliona kila rubo anayoishikilia inamzuia msichana mwingine wa Kipolandi asisome.

Kati ya Julai mbili

Sasa nafika kwenye kiini. Masika ya 1894, akitafuta nafasi ya kufanyia utafiti wa sumaku ya vyuma, alikutanishwa na Pierre Curie, mwanafizikia wa miaka 35. Aliyewakutanisha alikuwa Józef Kowalski, Mpolandi aliyefundisha Uswisi. Pierre akamposa. Mania akasema anarudi kwao, na kiangazi akarudi kweli.

Barua za Pierre za miezi ile zinasomeka vizuri hadi leo. Agosti 10 aliandika kwamba lingekuwa jambo zuri, ambalo hathubutu kuliamini, wapitishe maisha wakiwa karibu, wametekwa na ndoto zao: "ndoto yako ya uzalendo, ndoto yetu ya utu na ndoto yetu ya sayansi". Utu na sayansi aliviita vyao wote. Uzalendo alimwachia mwenyewe, hakudai hisa. Baadaye alisema yuko tayari kuhamia Polandi, hata kama atafundisha Kifaransa ili wale.

Nyumbani Mania alikuta nini? Warsaw chuo kilikuwa bado kimefungwa kwa wanawake. Kraków, upande wa Austria, kulikuwa na chuo kikuu cha Kipolandi, kikongwe na chenye heshima, na hakikuwa na nafasi ya mwanasayansi mwanamke. Kwa shahada zake mbili, Polandi ilikuwa na kazi moja ya kumpa: mwalimu wa wasichana. Oktoba akarudi Paris.

Ndoa ilifungwa 26 Julai 1895, Sceaux, ukumbi wa mji, bila kanisa. Baba yake na dada yake Helena walisafiri kutoka Warsaw. Siku chache kabla, Mania alimwandikia rafiki yake wa utotoni kwamba anaumia kubaki Paris milele, lakini afanye nini, majaaliwa yamewafunga. Aliyemfungua kifungo kile, kwa maoni yangu, ni kaka yake Józef. Alimwandikia kwamba anafanya sawa kufuata moyo, kwamba hakuna mwenye haki atakayemlaumu, kwamba ana yakini atabaki Mpolandi kwa roho yote, na kwamba afadhali mara mia kumwona Paris ana furaha kuliko kumwona nyumbani amevunjika kwa kujitoa sadaka.

Nadhani barua ile ndiyo iliyokuwa cheti cha tatu. Mwanafunzi aliyeondoka kwa fedha za ukoo hajioni huru kwa sababu amefaulu mitihani. Huwa huru pale mmoja wa waliobaki anapotamka kwamba hadaiwi mwili wake, na aliyetamka hapa alikuwa kaka, mwenye kuishi Warsaw, mwenye baba mzee mikononi.

Alivyolipa

Julai 1898 Marie na Pierre waliandika taarifa kwa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa: ikithibitika kwamba wamepata elementi mpya, wanapendekeza iitwe polonium, kwa jina la nchi alikotoka mmoja wao. Nchi hiyo haikuwa kwenye ramani yoyote. Elementi ikaja kuthibitika, na jedwali la elementi likabeba jina la Polandi, namba 84. Taarifa hiyo ilichapwa pia Warsaw kwa Kipolandi.

Sisemi jambo hili lilifuta maumivu. Baba yake alifariki mwaka 1902 na yeye alifika akakuta jeneza limefungwa. Ufaransa pia haikumpa uenyeji kamili. Mwaka 1911 Chuo cha Sayansi kilimnyima kiti cha uanachama, na magazeti yaliyoingilia maisha yake binafsi mwaka huohuo yalimwita mgeni aliyekuja kuharibu nyumba ya Mfaransa. Wakati huo alikuwa ameishi Paris miaka ishirini na ana Tuzo ya Nobel ya 1903. Ya pili ilimjia katikati ya matusi yale. Aliendelea kutia sahihi Skłodowska Curie, na mabinti zake, Irène na Ève, waliisikia lugha ya mama yao nyumbani.

Wanaopanda ndege leo

Mei 1, 2004 Polandi ilijiunga na Umoja wa Ulaya, na Uingereza, Ireland na Sweden zikafungua ajira siku hiyohiyo. Ukosefu wa kazi nyumbani ulikuwa karibu asilimia 20. Sensa ya 2011 ilikuta England na Wales watu takriban 546,000 ambao lugha yao kuu ni Kipolandi. Wapolandi wana msemo kwa kazi ya kwanza ya wengi wao, *na zmywaku*, yaani kwenye sinki la vyombo. Watoto wa walioosha vyombo vile ndio walioingia vyuo vikuu vya Uingereza.

Tofauti na Mania ni kubwa. Nchi yao ipo, na katiba yake inaahidi elimu ya bure katika taasisi za umma. Hawadaiwi na taifa lililofungwa. Wanadaiwa na mama mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, na deni hilo halina barua ya Józef mpaka mtu aiandike. Kisha Uingereza ikajitoa, na kuanzia mwaka wa masomo 2021/22 mwanafunzi anayetoka Polandi moja kwa moja akaanza kulipa ada ya mgeni.

Polandi yenyewe imejifunza kitu ambacho Kraków ya 1894 haikukijua. Wakala wake wa mabadilishano ya kitaaluma, NAWA, ulioundwa 2017, una mpango uitwao Polskie Powroty, Marejeo ya Kipolandi, unaowapa wanasayansi waliotoka nafasi na fedha za kuanzisha kikundi cha utafiti nyumbani. Mania hakukosa uzalendo wa kurudi. Alikosa meza ya kufanyia kazi, na mpango ule unatoa meza.

Meza ya Warsaw alikuja kuijenga mwenyewe akiwa mbali. Mwaka 1929 wanawake wa Marekani walimchangia fedha za gramu moja ya radium, elementi nyingine waliyoigundua yeye na Pierre, kwa ajili ya Taasisi ya Radium ya Warsaw, na Mei 1932 alikwenda kuifungua. Aliyehangaika na ujenzi wake kwa miaka, matofali na michango, alikuwa Bronia.

Alifariki Julai 1934, akazikwa Sceaux, mji aliofungia ndoa. Bronia na Józef walifika kutoka Polandi. Kila mmoja alishika konzi ya udongo waliokuja nao kutoka nyumbani, wakaumwaga juu ya jeneza.